Barua ya Wazi kwa Wakaguzi wa Baiskeli Ambayo Bado si Baiskeli

Waheshimiwa wa Shirika la Viwango Tanzania,

Sisi wa Same tunawapongeza. Mpo tangu 1975, mna maabara, mna muhuri, na tangu 2012 mmeweka utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka, kabla hazijapanda meli. Hapo hatuna neno. Ila kinachopanda meli mara nyingi si baiskeli. Ni fremu, rimu, furushi la spoki na pakiti ya gololi. Baiskeli yenyewe huzaliwa huku, chini ya mti nje ya duka, mikononi mwa fundi anayelipwa kwa idadi.

Karibuni mshuhudie uzazi huo. Pedali ya kushoto, kama mjuavyo, hukazwa kinyume. Fundi mwenye haraka hushika ya kulia. Ikigoma, huiongezea spana ndefu mpaka nyuzi zinalika. Pedali inakaa, na itaendelea kukaa mpaka mteja atoke nje ya mji. Kotapini nazo, badala ya kupishana, zinaingia zote kwa upande mmoja, na pedali mbili haziwi tena kwenye mstari. Grisi ni anasa. Ukimuuliza mwenye duka, anakutuliza: "Si mpya hiyo? Itajizoesha."

Tambarare, sawa, itajizoesha. Lakini wateja wengine wanaishi juu milimani. Baiskeli hupanda Mamba Miamba ikisukumwa, kisha hushuka na kiroba cha tangawizi kwenye keria na mwenyewe juu yake, vyote vikitegemea vipande vya mpira wa breki. Kilele chetu cha Shengena kina mita 2,462, kwa hiyo mteremko tunao. Mkitaka kupanua maabara, tutawagawia bure.

Tunaomba mkaguzi mmoja tu, siku ya gulio, asimame pale dukani. Abane gurudumu la mbele kwa magoti, azungushe usukani. Ukigeuka peke yake, airudishe baiskeli kwa fundi. Aguseguse spoki kwa kidole, iliyolegea itajisema. Azungushe rimu aone kama inayumba. Halafu ndipo agonge muhuri, tena augonge kwenye baiskeli, maana karatasi ya bandarini haina breki.

Mkiona nauli ya Same ni kubwa, kumbukeni mnaongea na nani. Wapare tunasemwa nchi nzima kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Na baiskeli ni ghali kuliko kuku.

Wenu mteremkoni,
Mwendesha Baiskeli, Same