Sauti Sita za Kifua, Lushoto, Mwezi wa Saba

Ukungu umeshuka kutoka Magamba, benchi la wagonjwa limejaa vikohozi, na tabibu ana stethoskopu shingoni. Tunahesabu kurudi nyuma, kutoka sauti ya bure hadi ile ya kumtoa mbio.

6. Sweta. Bibi wa Mtae kavaa masweta mawili, kanga na koti la marehemu mumewe. Weka kifaa juu ya hayo, utasikia soko la mitumba. "Bibi, tuvue kidogo." "Na baridi hii, mjukuu wangu?" Mwaka 1816, huko Paris, daktari Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, ndiyo stethoskopu ya kwanza, kwa kuona haya kuegemeza sikio kifuani kwa mwanamke mgonjwa. Angekuwa Lushoto wala asingeona haya. Hicho kifua chenyewe angekiona wapi?

5. Stori. "Vuta pumzi, mzee." Mzee anavuta, kisha anaeleza bei ya viazi Lukozi, na kifaa kinanguruma kama lori kwenye kona za Soni. Ila usimkatishe haraka. Kwa kawaida maneno hufika sikioni yamefifia. Yakisikika wazi sehemu moja tu, huenda pafu hapo limejaa uchafu badala ya hewa.

4. Upepo kwenye misonobari. Pande zote mbili, mbele na mgongoni. Mzima huyo, mwache akauze karoti.

3. Filimbi. Njia za hewa zimebana, na mluzi husikika zaidi anapotoa pumzi. Mshukiwa wa kwanza ni pumu, lakini mafiga matatu na kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha nayo yana kesi ya kujibu. Wengine filimbi yao unaisikia tangu getini, kama refa kaingia.

2. Chumvi kwenye kikaango. Tatatata, mwisho wa kuvuta pumzi. Pikicha nywele karibu na sikio, ndiyo hiyo. Kichomi hupenda kuongea hivi. Kwa mtoto usiishie kwenye kifaa: funua fulana, hesabu dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, zina haraka mno. Na kikohozi kilichotimiza wiki mbili, makohozi yaende maabara. Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882 na baadaye akaja hukuhuku Usambara kufuata malaria, alitumia hadubini, si masikio.

1. Kimya. Mwenye pumu aliyepiga filimbi asubuhi, sasa hatoi mlio. Ndugu wanashangilia: "Kifua kimeachia!" Hakijaachia. Hewa inayopita haitoshi hata kupigia mluzi. Oksijeni, dawa ya kuvuta, gari liwashwe. Bibi wa namba 6, tupishe hapo kitandani. Masweta utayavalia nje.