Namna ya Kuruka na Ubao wa Foili na Kutua Ukiwa na Meno Yote

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshajua kuendesha ubao wa tanga wenye foili, anaelea juu ya maji kwenda na kurudi bila kelele, na sasa moyo haumtulii. Anataka kuruka. Mama yake hawezi kumzuia, mwenzi wake hawezi kumzuia, na daktari wake ndiyo kwanza hajaambiwa. Kwa kuwa ataruka tu, tumfundishe kutua.

Natilia mkazo kutua kwa sababu kupaa hakuna shida. Chini ya ubao umeshuka mguu wa foili, kwa kawaida wa sentimita 75 hadi 95, na mwisho wake pana uti wenye mabawa mawili: kubwa mbele, dogo nyuma. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, ndiyo maana bawa dogo hivyo linambeba mtu mzima, ubao na tanga lake. Na mwendo ukipanda kutoka noti 10 hadi 14, nguvu ya kuinua inakaribia kuwa maradufu, hata kama hujabadili kitu kingine. Kwa hiyo kila mwanafunzi ameshapaa bila hiari yake: bawa limepanda kupita kiasi, limetoboa uso wa maji na kuvuta hewa, nguvu imekatika ghafla, na yeye amejikuta anaogelea. Safari ya juu ameshaifanya. Ya kurudi ndiyo hajafundishwa.

Hatua ya 1: Waulize wenye bahari

Tuseme uko pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani, ambako kusi huvuma katikati ya mwaka na kaskazi huja na mwisho wa mwaka. Upepo huo ni wa kutamanika, lakini usitweke tanga kabla hujajua habari za maji. Ndani ya mwamba bahari ni ya kina kifupi, na siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mahali ulipoelea asubuhi panaweza kuwa pa kutembea kwa miguu mchana. Anayeelea tu anahitaji maji yanayozidi mguu wa foili. Anayeruka anahitaji zaidi, maana foili itazama kwa kishindo na mwili utafuata. Kipimo changu hakina hesabu ngumu: ukisimama chini na kichwa bado kiko nje ya maji, hapo si pa kurukia. Ngoja maji yajae.

Kisha kuna mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara kwenye vijiji hivi mwaka 1989, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Vijiti vyao vimechomekwa mchangani na kamba zimetandazwa baina yake, na maji yakijaa huvioni. Foili ikipita hapo inakata kamba, mavuno yanapotea, na wewe unarushwa mbele ya tanga lako mwenyewe. Nenda ufukweni maji yakiwa yamepwa, toa salamu kama ulivyolelewa: "Shikamoo, mama. Mashamba yanaishia wapi?" Utaonyeshwa kwa kidole, na kidole hicho ni ramani bora kuliko yoyote utakayoinunua. Wavuvi wa ngalawa nao wape nafasi pana. Wao wako kazini, wewe uko kwenye raha zako.

Hatua ya 2: Vaa kama mtu atakayeanguka

Kofia ngumu. Kizibao kinene cha kukinga mbavu, kile kinachokusaidia pia kuelea. Viatu vya majini. Wanaokwambia kofia inaharibu sura hawajaona sura iliyokutana na bawa la kaboni.

Vikanda vya miguu vibane kiasi cha kuinua ubao, visibane kiasi cha kuzuia mguu kuchomoka unapoanguka. Ndoano ya mkanda wa kiunoni ifungue kabla ya kila mruko wa mwanzo. Aliyefungwa kwenye tanga huenda tanga liendako, na tanga likiangushwa huenda mbele na chini kwa haraka.

Kaza skurubu zote za foili kabla ya kuingia, maana mruko mmoja huzitikisa kuliko safari nzima ya kuelea. Zipake grisi isiyoyeyuka majini, kwa sababu alumini na chuma cha pua vikikaa pamoja kwenye chumvi huumana, na siku ya kuzifungua utahitaji fundi. Ukitoka, osha kila kitu kwa maji baridi ya bomba.

Vifaa vya mashindano viache kwa wenye mashindano. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mbio za foili zilizofanyika Marseille zilikuwa za tanga la mita 9 za mraba kwa wanaume na 8 kwa wanawake, mguu wa sentimita 95 na bawa la mbele la sentimita 900 za mraba. Tom Reuveny na Marta Maggetti walichukua dhahabu kwa kubaki juu ya foili na kukimbia. Wewe unataka kitu kingine: tanga dogo unaloweza kulifungua kwa mkono mmoja, na ubao mwepesi unaoinuka ukiuita. Ukitaka kuona foili inavyoweza kuchezewa hewani, mtazame Mswisi Balz Müller. Mtazame kwa furaha, halafu rudi kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 3: Anguka kwa adabu

Kuanguka kuna adabu zake, nazo zifanyie mazoezi kwa mwendo mdogo kabla hujaruka hata sentimita moja.

Shika mpini wa tanga usiuachie. Mpini unakuweka mbali na foili, na anayeuachia hewani huanguka asikokujua. Angukia upande wa joshi, ule upepo unakotoka, ukitanguliza mgongo na makalio. Usipige mbizi kamwe, maana hujui mwamba uko wapi. Ukiwa chini ya maji funika kichwa kwa mkono mmoja, na uibuke polepole, kwa sababu ubao unaweza kuwa umepinduka na mabawa yanakungoja juu.

Fanya hivi mpaka mwili ujue bila kuulizwa. Anayeogopa kuanguka hukaza magoti, na magoti yaliyokaza hayajawahi kutua vizuri.

Hatua ya 4: Panda na kushuka bila kutoka

Elea kwa mwendo wa wastani, upepo ukiwa ubavuni. Kandamiza mguu wa mbele, ubao ushuke hadi ukaribie kugusa maji. Legeza, upande mpaka bawa likaribie uso wa maji, kisha uushushe tena. Rudia. Zoezi hili halina mpiga picha wala mpiga makofi, na ndilo litakalokufikisha. Linakufundisha kuhisi bawa liko wapi bila kuangalia chini, na linaupa mguu wa mbele mamlaka yake. Mguu huo ndio utakaokuokoa wakati wa kutua.

Ukilimudu, ongeza kidogo: acha bawa lichomoze kwa makusudi, usikie nguvu inavyokatika, na uurudishe ubao majini ukiwa sawa. Huo ni mruko wa sentimita chache, na hapo umeshaanza kuruka.

Hatua ya 5: Ruka

Kimbia, lakini kasi yako yote usiitumie. Shusha ubao karibu na maji. Kunja magoti kidogo, kisha sukuma kwa miguu yote miwili na papo hapo uhamishie uzito mguu wa nyuma. Bawa litaelekea juu na kupanda kwa nguvu. Anayeruka na ubao wa kawaida hutafuta wimbi la kumrusha. Foili ni wimbi lako mwenyewe, na ndiyo maana unaweza kuruka hata kwenye maji yaliyotulia.

Foili inapotoka, vuta magoti kifuani na ulete tanga karibu na mwili. Tanga lililofungwa linakubeba kidogo, na lililo wazi linakudondosha. Macho yatazame mbele, pale utakapotua. Ukiangalia miguu, utaifuata.

Hatua ya 6: Tua

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nawe ndiye utakayejingojea.

Anza na hesabu. Kutoka nusu mita juu, anguko huchukua karibu theluthi moja ya sekunde, na unafika chini kwa takriban kilomita 11 kwa saa. Kutoka mita moja, ni kama nusu sekunde na kilomita 16 kwa saa. Huna muda wa kufikiri hewani. Kila uamuzi wa kutua unafanywa kabla ya kuruka, na ukiwa juu unautekeleza tu.

Uamuzi wa kwanza ni uelekeo. Geuza ubao kidogo kuelekea demani, upepo uendako, ili tanga lisikuvute pembeni na foili iingie majini ikiwa na mwendo. Mguu wa foili lazima uingie kwa ukingo wake, ukikata maji. Ukiingia kwa ubavu, maji yanausimamisha kama ukuta, na goti lako ndilo linalolipa.

Uamuzi wa pili ni kimo cha omo, ncha ya mbele ya ubao. Ubao utue ukiwa sawa, au omo ikiwa juu kidogo tu. Omo ikiinama, bawa linazama kwa bidii ileile lililopandia, ubao unagota, na wewe unaendelea na safari peke yako. Omo ikiwa juu mno, bawa linashika maji kwa pembe kali na kukurusha mara ya pili, safari hii bila mwendo na bila mpango.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakifanya mengine yote sawasawa. Foili inapoingia majini na mwendo wake, inaanza kuinua papo hapo, na mwanafunzi aliyeegemea nyuma kwa hofu anapandishwa tena na kumwagwa. Kwa hiyo tua ukiwa juu ya mguu wa mbele. Hofu itakuambia urudi nyuma, nawe usiisikilize. Bawa linapogusa, magoti yakunjike na mikono ikunjike, tanga lifunguke kidogo, mguu wa mbele ukandamize, na ubao utulie kwenye kimo ulichokizoea tangu hatua ya 4. Kutua vizuri kwa foili ni laini kuliko kutua kwa ubao mtupu, kwa sababu maji yanaupokea mguu wa foili hatua kwa hatua kabla ubao haujagusa.

Ukikwama, soma hapa

Ukirushwa mbele kila mara, aidha omo inainama hewani au tanga limefungwa mno wakati wa kugusa maji. Ukirushwa juu mara ya pili, umeegemea nyuma. Ukianguka ubavuni, ulitua ukielekea joshi au ulitazama chini. Usipotoka majini kabisa, unasukuma kwa mikono, nayo kazi hiyo ni ya miguu. Rekebisha kosa moja kwa siku moja. Ukirekebisha mawili, hutajua ni lipi lililoponya.

Na ukichoka, toka. Mruko wa "wa mwisho kisha naenda nyumbani" ndio unaovunja vifundo vya miguu, kwa sababu magoti yameshachoka kukunjika na kichwa bado kinadai picha.

Kipimo cha mafanikio

Usihesabu urefu uliofika hewani. Hesabu miruko ambayo umetua, ukabaki juu ya foili, na ukaendelea kwenda bila ubao kugusa maji. Mruko ulioishia kuogelea usiuandike, hata kama ulipiga kelele za furaha ulipokuwa juu. Anza na sentimita kumi. Ukiweza kuzitua kila unapotaka, si kila bahati inapopenda, chukua ishirini. Hakuna njia ya mkato, na haihitajiki: bahari hii ina kusi na kaskazi kila mwaka, na anayetua salama leo ndiye atakayeruka kesho.