Pilipili ya Tembo, Kisamvu cha Mama Mkwe

Tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tumepandishwa cheo: tunaliwa mahindi na tembo wa taifa. Kifuta jasho kipo, kwa ekari zisizozidi 5, ukishamaliza kujaza fomu. Mahindi yaliyoliwa na nyani hayana hata fomu.

Baba watoto akarudi kutoka mkutano wa kijiji elimu imempanda kichwani. Pilipili kichaa zitwangwe, zichanganywe na oili chafu, matambara yalowekwe humo na yatundikwe kwenye kamba kuzunguka shamba. Au zikandwe na kinyesi cha ng'ombe, yatoke matofali ya kuchoma usiku. Pua ya tembo haiwezi moshi ule. Wanaume wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza zitatwangiwa wapi.

Zilitwangiwa kwenye kinu changu. Akakisuuza, akakirudisha pale pale, kimya.

Kesho yake mama mkwe akaingia kutoka Ngara. Nikatwanga kisamvu, nikakiunga kwa karanga. Akameza tonge moja, machozi yakamtiririka.

"Mkamwana," akasema alipopata sauti, "nimekukosea nini?"

Usiku mwanawe akawasha matofali. Upepo ukageuka, moshi wote ukaja nyumbani. Tukakimbilia uani na khanga puani, mbuzi wanapiga chafya, na hapo mama mkwe akatutolea mambo ya kambi ya wakimbizi ya Benaco, huko kwao Ngara. Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 tu. Na kila chungu kilitaka kuni. Vilima vikabaki vipara, wawindaji wakaingia mpaka Burigi.

"Ilifika mahali ukisikia fisi unafurahi," akasema. "Kumbe bado yupo! Msiwachukie hao tembo. Mchukieni huyu aliyeshika kinu."

Tembo hawakuja usiku ule, na mume wangu anauhesabu kuwa ushindi. Asubuhi nyani walikuwa shambani, wamekaa chini ya matambara, wanamenya mahindi bila haraka.

Juzi kulikuwa na mkutano mwingine. Sasa ni mizinga ya nyuki: inaning'inizwa kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, naye huwaogopa sana. Jana jioni baba watoto kaniuliza, kwa upole usio wa kawaida yake, kama ule waya wa kuanikia nguo nina haja nao sana.