Kuziba Mia, Kurarua Mia Mbili

Jinzi yangu haichakai magotini kama za watu wenye bidii ya kusali. Inaisha katikati, pale mapaja yanaposalimiana nikitembea. Jioni hurudi kutoka mjini nimekunjwa kwenye kiti cha matatu, magoti karibu yaguse kidevu, na kabla ya kufika Waithaka uzi mwingine umeshaaga dunia.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi wa pale stendi. Akatumbukiza ngumi kwenye tundu, vidole vikatokea upande wa pili vikicheza, wateja wakitazama.

"Mzee, hii ungeileta mwezi uliopita."

Kisha akatoa nyundo. Mshono wa jinzi pale chini umekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, hata sindano namba 18 huvunjika, kwa hiyo lazima upondwe kwanza ulainike. Hilo nalijua. Lakini sehemu hiyo ya suruali yako ikigongwa nyundo hadharani, hata kama hujaivaa, utakaza miguu tu.

Na tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1873 fundi Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipewa hataza huko Marekani kwa kukaza mifuko kwa vijipini vya shaba. Jinzi zao za zamani zilikuwa na kimoja hata pale chini. Baadaye kikaondolewa, husimuliwa kwamba wachunga ng'ombe wakichutama karibu na moto, shaba ilikuwa inapata habari kabla yao. Mimi sichutami kwenye moto wowote. Nirudishieni pini yangu.

Nyundo ikiwa bado inalia, akafika kijana na jinzi ya mtumba kutoka Gikomba, nzima, haina hata uzi uliolegea. Alitaka ibanwe, ikatwe chini, halafu iraruliwe magoti. Hapo Athi River watu wanashona jinzi za kupeleka Marekani, mshono ukipinda kidogo tu wanakemewa, na huyu analipa ichanwe! Fundi akachukua wembe. Kuziba yangu, shilingi 100. Kurarua yake, 200.

"Mbona hivyo, fundi?"

"Mzee, yako iliraruka yenyewe. Hii inataka hesabu."

Jumatano nikaichukua. Suruali imepauka kama anga la Januari, kiraka ni buluu iliyokolea. Ukinitazama nikipanda gari, utadhani nimekalia wino. Nami nilipanda gari. Makanga kuinua macho, ni yule kijana, magoti yanapunga upepo.

"Mzee, hicho kipande si cha mguu wangu?"

Gari zima likageuka. Nikamwambia basi anipunguzie nauli, maana namtunzia mali yake. Akanihesabia chenji, imepungua shilingi kumi.

"Ya kukodi," akasema, akagonga bodi, gari likaondoka.