Ukinyamaza Tukuyu Wataleta Ndizi

Sina ugomvi na Buddha. Mwana wa mkubwa aliyeaga jumba, mke na mtoto mchanga usiku wa manane, akahangaika miaka mpaka akaishia chini ya mti huko India, huyo kimya chake amekilipia. Ingawa angefanya hayo Tukuyu, kabla ya jua kuchomoza wazee wa ukoo wangekuwa wameshakaa kikao, na chini ya huo mti asingemaliza saa moja bila kuulizwa kama mahari aliimaliza.

Ugomvi wangu ni na mpwa wangu.

Kijana anafanya kazi Dar es Salaam. Alianza kwa kwenda hekalu la Wabudha la Upanga, lile lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, siku hizi Sri Lanka. Hapo sikusema kitu. Baadaye akaingia mafunzo ya siku kumi ya vipasana, yaani kukaa kimya na kutafakari, kwa utaratibu wa S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyezaliwa Burma mwaka 1924 na kuteswa na kipandauso hata akamwendea mwalimu aitwaye U Ba Khin. Na huyu U Ba Khin, msicheke, alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma. Kwetu mhasibu wa serikali akifumba macho na kunyamaza, mjue wakaguzi wamefika.

Ratiba yao mpwa ameibandika ukutani kwangu bila ruhusa. Kengele saa kumi alfajiri. Kukaa na kuiangalia akili karibu saa kumi kwa siku. Hakuna kuongea, hakuna simu, hakuna kitabu, hata kumkonyeza mwenzako marufuku. Chakula cha mchana saa tano, na jioni mgeni anapewa chai na tunda. Chai na tunda! Wilaya nzima hii ni chai na matunda, toka Katumba hadi Mwakaleli, na sijaona mwanamume aliyerudi shamba akaambiwa hicho ndicho chakula cha usiku, akanyamaza.

Kwa haki niseme hawatozi ada. Anayemaliza hutoa alichonacho, kimsaidie atakayefuata. Wana afadhali kuliko wale wa semina za utulivu wa akili mahotelini, ambako unalipa fedha nyingi ili simu yako mwenyewe izimwe.

Basi mpwa akaja likizo na kuamua kwamba wa kwanza kuokolewa ni mimi. "Shikamoo mjomba. Mjomba, una msongo." Nikamwambia nina ng'ombe wa maziwa na michango ya harusi, msongo sina nafasi nao. Hakusikia. Siku za mwanzo, akasema, ni pumzi tu: tazama inapita tundu lipi la pua, la kulia au la kushoto. Huyu mtoto amesahau alikozaliwa. Julai Tukuyu hakuna la kulia wala la kushoto, yote yameziba kwa mafua. Aprili pua ziko wazi, lakini mvua ya Rungwe ikishaangukia mabati hata redio ya jirani huisikii, sembuse pumzi.

Wabudha wanasema akili ni kama kima, inaachia tawi hili inadaka lile. Hapo nilielewa upesi, maana sisi tuna wetu. Kipunji aliishi msitu wa Mlima Rungwe miaka yote, wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja, na wataalamu wakaja kumwona mwaka 2003 ndipo akahesabiwa kuwa yupo. Akili yangu ni kipunji kamili. Nilipofumba macho ikaruka kwenye bei ya parachichi, ikadaka dalali aliyeninyonya msimu uliopita, ikaning'inia hapo ikipiga kelele. Mpwa ananong'ona, "Iangalie tu, mjomba, usiifukuze." Kuiangalia! Yule dalali bado nina namba yake.

Yote hayo ningeyavumilia. Ambalo halivumiliki ni majirani. Nimekaa barazani, mgongo wima, akapita jirani: "Ugonile!" Sikujibu, nimekatazwa hata ishara. Akarudia. Akasogea mpaka harufu ya ugoro wake ikawa ndiyo pumzi ninayoiangalia. Kisha akaondoka mbio, na huku kwetu mtu akiondoka mbio jua habari imeshafika stendi. Muda si mrefu mama mmoja akatua ndizi miguuni pangu na kumuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, nani ametangulia? Mke wangu, badala ya kueleza, akajibu kwamba nina mambo yangu ya ndani. Mambo ya ndani! Kwa maneno hayo akaja mwenye duka kuuliza deni langu sasa litabebwa na nani. Akaja mzee wa kanisa na mkono wake kichwani kwangu. Wakaja wanakwaya. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo tumefunzwa kuimba kwa sauti nne. Somo la kukaa kimya sikumbuki kama lilikuwepo. Bezi walisimama upande wa sikio langu la kushoto.

Mpwa ananitolea mfano wa Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda aliyeanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe mwaka 2005, mpaka mama yake mzazi akawa mtawa. Sawa. Mganda alimshawishi mama yake. Wewe shangazi yako umeshindwa hata kumshawishi apunguze redio.

Sasa amerudi Dar, ratiba imebaki ukutani, na mimi, nasema kwa shingo upande, alfajiri kabla ya ng'ombe kukamuliwa hukaa kidogo na kumtazama yule dalali akipita. Nafanyia zizini, mlango nimeufunga. Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa Tukuyu ni dogo: mkimkuta mtu kakaa, kafumba macho, hajibu salamu, mpiteni. Ndizi wapelekeeni wagonjwa, na kwaya iende kanisani.