Namna ya Kulemewa na Maziwa Kiungwana

Tukubaliane jambo moja kabla hatujaingia jikoni: utanunua maziwa mengi kuliko utakavyoweza kunywa. Ukikaa Nakuru huna ujanja. Maziwa yanateremka kila siku kutoka Molo, Njoro, Bahati na Olenguruone, na jirani mwenye ng'ombe kule Lanet anakupimia kwa bei inayokufanya uongeze lita ambayo hukuikusudia. Jioni inakukuta na sufuria imejaa, tokeni za stima zimeisha, na mama mkwe amepiga simu kwamba kesho atapitia.

Usihangaike. Mbio kati yako na maziwa huzishindi, kwa hiyo usizikimbie. Kazi yako ni kuwahi: yageuze wewe kabla hayajajigeuza yenyewe. Anayewahi husifiwa kwa upishi. Anayechelewa hubaki kusugua sufuria. Fuata hatua hizi, na siri ibaki kati yetu.

1. Chemsha mara moja, kisha pumzika

Kuna watu hujivunia kuchemsha maziwa asubuhi, mchana na jioni. Waache na fahari yao na gesi yao. Mara moja inatosha ukiifanya sawasawa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hilo lisikutie wasiwasi. Kiwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, na vijidudu vya kifua kikuu na vya bruselosi haviponi hapo.

Ila usidanganywe na povu. Maziwa hupanda kabla hayajachemka barabara. Yakipanda, punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika moja au mbili. Hayo ni kwa maziwa mabichi, ya jirani au ya mchuuzi wa pikipiki. Ya pakiti yameshapitia moto kiwandani. Hayo yanachotaka ni baridi.

2. Yapoze kabla hujajisifu

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanachemsha vizuri, wanafunika, kisha wanaiacha sufuria jikoni hadi taarifa ya habari iishe. Saa zile za uvuguvugu ndizo karamu ya bakteria waliobaki, pamoja na wale walioingia na mwiko mchafu.

Njia ya mkato ni beseni la maji baridi. Tia sufuria ndani yake, koroga kwa kijiko safi, na maji yakipata joto yabadilishe. Maji ya bomba ya Nakuru usiku ni baridi ya kutosha. Yafanye kazi badala yako. Ule utando mnene unaokaa juu, uopoe uuweke kando. Ni wako na mkate wako. Mpishi ana haki zake.

3. Mlangoni mwa friji weka soda

Mlango wa friji una nafasi ya chupa, na kila mtu hupachika maziwa pale. Wewe weka soda, wageni waione. Maziwa yapeleke rafu ya chini, nyuma kabisa, kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi ambayo haiguswi kila mara mtoto anapofungua kuchungulia. Yafunike vizuri, maana maziwa hunyonya harufu, na chai inayonuka omena haina utetezi mbele ya mgeni.

Stima ikipotea, usifungue kuhakikisha. Friji iliyofungwa hushika ubaridi kwa saa nne hivi. Zikipita na stima haijarudi, usiendelee kungoja kwa matumaini. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

4. Kama huna friji, tumia upepo

Tafuta chungu cha udongo, nguo ya pamba na kona yenye kivuli na upepo. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yatie kwenye chombo safi chenye kifuniko, chombo ukitie chunguni, kisha ukifunike chungu chote kwa nguo iliyolowa. Maji yanapokauka kwenye nguo huondoka na joto. Januari na Februari, wakati upepo mkavu unapeperusha vumbi mji mzima, hila hii inafanya kazi vizuri sana. Mvua za Aprili zikianza, hewa inakuwa imeshashiba maji, na chungu chako kinachoka.

Wakulima hutumia kanuni hiyohiyo kwa ukubwa: kibanda chenye kuta mbili za waya, katikati makaa yanayonyunyiziwa maji. Usijenge. Wewe unataka kuvuka usiku tu, na chungu kitakuvusha.

5. Yalaze kwa makusudi

Sasa tumefika kwenye ujanja wenyewe. Maziwa unayojua hutayamaliza, yageuze mala, yaani maziwa lala, leo yakiwa bado mazuri. Usingoje yachache ndipo uyape cheo.

Kosa kubwa ni kuyachemsha, kuyaacha mezani na kutumaini yatalala yenyewe. Moto huua vijidudu vibaya, lakini huua pia vile vizuri vinavyogandisha maziwa kwa uchachu safi. Vinavyobaki ni vichache vyenye mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa, na hivyo vikiamka vinakuletea uchungu na harufu mbaya. Lazima uyape maziwa mwalimu.

Mwalimu yuko dukani: pakiti ya mala ya kawaida, isiyo na sukari wala ladha ya stroberi. Yapoze maziwa hadi ukichovya kidole kilichooshwa usihisi moto wala baridi. Tia vijiko viwili vikubwa vya mala kwa kila lita, koroga taratibu, funika. Kwa sababu usiku wa Nakuru ni wa baridi, izungushie sufuria blanketi au iweke ndani ya kikapu kilichojaa nguo. Usiitikise, usiifunue kuangalia. Asubuhi utakuta yameshikana, yanang'aa juu, na harufu yake ni ya uchachu safi. Yapeleke kwenye baridi yakae imara. Kwenye friji yatakaa karibu wiki nzima, kwa sababu uchachu wenyewe huwazuia bakteria wengi waharibifu. Chunguni yanywe ndani ya siku mbili, na kadiri unavyochelewa ndivyo yatakavyozidi kukuchoma ulimi.

Mama mkwe akifika, mmiminie kwenye kikombe kikubwa, pamoja na ugali moto au kiazi kitamu.

"Mwanangu, haya umeyalaza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Karibu nikuongeze."

Hukuulizwa kwa nini uliyalaza. Jibu swali uliloulizwa.

Onyo moja. Kama mama mkwe ni wa kutoka Bomet au Kericho, usithubutu kuyaita mursik. Mursik huwekwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na ndiyo maana ina rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wetu wakitua Eldoret na medali. Sufuria iliyofungwa blanketi haishindani na kibuyu hicho. Sema ni mala, upokee sifa zinazokutosha.

6. Yaliyobaki yape kazi ya jiko

Mala iliyochacha mno kunyweka haijashindwa. Ikandie unga wa mandazi, na mandazi yatakuwa laini hadi majirani waulize siri. Wape siri nusu.

Kama una lita mbili za maziwa mazuri na unaona hutayawahi, tengeneza jibini leo. Yachemshe, zima moto, kamulia ndimu huku ukikoroga polepole hadi yakatike, mabonge yaelee na maji yawe ya kijani hafifu. Chuja kwa kitambaa safi, weka kitu kizito juu yake kwa saa moja. Kata vipande, kaanga na kitunguu, nyanya na dhania. Maji yaliyochujika usiyamwage, kandia chapati. Anayekula hatajua kwamba uliokoa maziwa. Atajua tu kwamba wewe ni mtu wa mapishi ya watu.

7. Siagi ikikulemea, ifanye samli

Hii ni fupi. Siagi ina maji ndani yake, na maji ndiyo mlango wa uharibifu. Iyeyushe kwa moto mdogo hadi povu litulie, mlio wa mchemko uishe na punje za kahawia zikae chini. Chuja, tia kwenye chupa kavu kabisa. Itakaa miezi kabatini bila friji. Chota kwa kijiko kikavu, na umfiche yule wa nyumbani anayechota kwa kijiko cha chai.

8. Jua kushindwa

Wakati mwingine utachelewa hata kwenye kuchelewa kwako. Pakiti imevimba. Maziwa yanavutika kama uzi. Yana ukungu, au madoa ya waridi, au uchungu, au harufu inayokurudisha nyuma hatua moja. Hapo hakuna hila. Mwaga.

Najua utashawishika kuyachemsha tena ili yasipotee bure. Usifanye hivyo. Moto huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huwa wameshaacha sumu isiyoharibiwa na kuchemsha, na sumu hiyo itakulaza wewe, mtoto na mgeni kwa usiku mmoja. Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, shaka kidogo inatosha: mwaga. Lita moja ya maziwa ni rahisi kuliko foleni ya hospitali.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Mwaga mapema asubuhi, kabla watu hawajaamka, na suuza sufuria kwa maji baridi kwanza ndipo ya moto, ili mabaki yasigandamane. Hakuna haja ya mtaa mzima kujua.

9. Hila kubwa kuliko zote

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayoshinda nyingine zote: usihifadhi. Mtaani kuna mashine ya ATM ya maziwa inayokupimia ya shilingi unazotaka. Dukani kuna pakiti za nusu lita, na zile zinazokaa miezi nje ya friji mpaka ukate kona yake. Ukishakata, nazo zinataka baridi na siku chache tu. Nunua ya chai ya leo na ya kesho asubuhi. Mwachie mwenye duka gharama ya stima na wasiwasi wa usiku.

Jirani wa Lanet akikushawishi uongeze lita, mwambie utarudi kesho kwa sababu unapenda maziwa yaliyokamwa siku hiyohiyo. Atafurahi, maana umemsifu ng'ombe wake. Kisha rudi kweli, na uje na chupa yako, iwe imeoshwa kwa maji moto na kukauka.