YAH: Shukrani kwa Kuwekwa Kwenye "Mengineyo"

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kupandisha Vyeo,
Chuo kikuu nisichokitaja.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu kwamba sipandi cheo kwa kuwa sina makala hata moja. Ni kweli tupu. Miaka sita nimeandika programu tu. Fomu yenu ina kurasa za makala, vitabu na makongamano, na mwisho kabisa kisanduku cha "Mengineyo", upana wa vidole viwili. Humo ndimo nilimobana mistari 11,000 ya programu inayosafisha takwimu za mvua.

Programu yenyewe si ya kujisifia. Inajua tu kwamba mvua hainyeshi tarehe 31 Juni, na kwamba karani aliyeipa Dodoma milimita 450 kwa siku moja, sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima, alisahau nukta. Zamani mwanafunzi wa uzamivu aliikodolea macho Excel miezi minne kutafuta makosa hayo. Siku hizi ni dakika tisa, na bado anapata muda wa chai. Kwa takwimu hizo zimetoka makala saba, za wengine. Katika shukrani za mojawapo nimetajwa, baada ya dereva na mpishi wa kambi, kama "kijana wa kompyuta". Nina miaka 41.

Wapo wanaosema mmepitwa na wakati. Waongo hao! Mnakwenda sambamba na wakubwa. Aprili 2019 dunia ilioneshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, na hesabu zake zilipitia maktaba za programu za Python kama NumPy na SciPy. Siku chache baadaye, wafadhili wa sayansi wa serikali ya Marekani wakakataa ombi la fedha za kuzitunza maktaba hizo, eti mchango wake hautoshi. Hata NumPy, iliyoanza katikati ya miaka ya 2000, ilisubiri ruzuku yake ya kwanza hadi 2017. Mimi wa miaka sita nina haraka gani?

Na jeni je? Excel ilizoea kugeuza jina la jeni SEPT1 kuwa tarehe ya Septemba. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikasalimu amri, ikaiita SEPTIN1. Ikaonekana ni nafuu kumbatiza upya binadamu kuliko kumbembeleza fundi wa Excel.

Waliolegea ni Waingereza. Mwaka 2012 walitunga jina la kazi, "mhandisi wa programu za utafiti", na sasa wana hadi chama. Msithubutu kuwaiga.

Mkataba wangu, wa miezi sita kama kawaida, unaisha Ijumaa. Kampuni moja ya simu imeniuliza naanza lini, makala hawakuuliza. Naomba mniteulie wa kumkabidhi programu. Profesa amependekeza dereva, kwa kuwa anavijua vituo vyote vya mvua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kijana wa Kompyuta

Nakala: Dereva (kwa utekelezaji)
Mpishi wa kambi (kwa taarifa)